Kila Jumamosi alipigwa na mpenzi wake kwenye gemu, kumbe aliyekuwa anaishiwa pumzi si yeye

Ukitaka kumjua mtu alivyo, usimuulize maswali. Mpe pedi ya PS, muwekee gemu ya ngumi, halafu mwangalie dakika moja ya kwanza tu. Kuna anayeingia ulingoni taratibu, anazunguka, anarusha teke moja la kupima, anarudi nyuma. Na kuna anayeshika pedi kama anakamua dekio, anabonyeza vitufe vyote kwa mpigo, mgongo umetoka kwenye kochi, anapiga kelele "leo unalala, leo unalala!" Huyo wa pili ndiye jamaa wa stori hii.

Jamaa ana miaka 29, fundi simu wa Kariakoo, mkono mwepesi kazini na mdomo mwepesi kila mahali. Anaishi Mwananyamala, chumba na sebule, yeye na mwanadada wake, mwaka wa tatu sasa. Ndoa bado, mahari bado, ila mtaa mzima unamwita mwanadada "shemeji" na hakuna anayekumbuka ulianza lini. Mwanadada ni mfamasia, mpole wa sura, mcheshi akishakuzoea, na ana kitu kimoja ambacho washkaji wa jamaa hawakiamini mpaka wakione kwa macho. Kwenye EA Sports UFC 4, gemu iliyotoka Agosti 2020, yule dada hapigiki.

Sheria ya nyumba ni moja. Jumamosi usiku wanacheza pambano la raundi tano, na anayepigwa anaosha vyombo wiki nzima. Mama mwenye nyumba alishaacha kuuliza nani kashinda. Jumapili asubuhi anachungulia tu bombani, anamkuta jamaa kainamia beseni la masufuria, anacheka, anapita zake.

Jamaa anapigwaje, wakati vidole vyake vina kasi kuliko vya mwenzake? Mkono unaofungua simu na kubadili kioo chini ya nusu saa hauwezi kushindwa na pedi. Shida haiko kwenye mkono. Shida ni pumzi.

Jamaa siku zote anamchukua Francis Ngannou, yule Mkameruni ambaye ngumi yake ni kati ya nzito zaidi zilizowahi kupita UFC. Mwanadada anamchukua Stipe Miocic, Mmarekani wa Ohio aliyekuwa bingwa wa uzito wa juu huku akiendelea na kazi yake ya zimamoto. Raundi ya kwanza huwa ni ya jamaa tu. Ngumi zinashuka kama mvua ya masika, Miocic anajikinga, anarudi nyuma, anainamisha kichwa, mara anayumba. Jamaa anasimama kabisa mbele ya runinga. Washkaji wanagongana mikono. Ikifika katikati ya raundi ya pili, Ngannou wa jamaa anarusha ngumi kama mtu anayeinua ndoo ya maji kutoka kisimani. Inakwenda taratibu, haina uzito, na ikikosa anabaki wazi. Hapo ndipo mwanadada anakaa vizuri kwenye kochi na kuvua kandambili.

Kwa wasioijua hii gemu, ipo hivi. Kila mpiganaji ana mstari wake wa stamina. Ukirusha ngumi, unapungua. Ukirusha nyingi mfululizo bila kupumzika, unapungua kwa kasi zaidi. Ukikosa, unapungua zaidi kuliko ungepiga ikatua, maana nguvu imetoka na hakuna ilichopata. Ukijaribu kumbeba mwenzako umlaze chini akakuzuia, umelipia nauli na safari hukwenda. Na mstari ukiwa chini sio tu kwamba ngumi zako zinakuwa nyepesi, hata ya mwenzako inakuingia vibaya. Ngumi ile ile ambayo ungeimeza dakika ya kwanza, ukiwa umekata pumzi inakuangusha.

Hayo jamaa alikuwa anayajua. Alichokuwa hakijui, au tuseme alichokuwa hakijali, ni kwamba pumzi ya kwenye ile gemu ina tabaka mbili. Ya kwanza inaisha na kurudi. Ukitulia sekunde kadhaa, ukazunguka bila kurusha kitu, mstari unapanda tena. Hiyo ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu mtu anaona umepanda anasema fresh, ngoja nishushe tena. Tabaka ya pili ni kile kimo chenyewe cha mstari, yaani mahali pa juu kabisa unapoweza kufika. Hicho nacho kinashuka, na kikishashuka hakirudi kama kilivyokuwa. Mapumziko kati ya raundi yanarudisha kidogo tu.

Chukua dumu la lita 20. Ukimwaga maji unajaza tena bombani, hamna noma. Lakini likitobolewa ubavuni katikati, hata uache bomba wazi usiku kucha, halivuki lita 10. Kwenye gemu, linalotoboa dumu ni mambo mawili: fujo zako mwenyewe zikizidi, na mapigo ya tumboni.

Mwanadada alikuwa fundi wa hayo ya tumboni. Raundi ya kwanza, wakati jamaa anashangilia, yeye anadokoa. Teke moja la mbavu, anaondoka. Ngumi moja ya tumbo, anafunika uso. Mara nyingine anamkumbatia Ngannou kwenye uzio, anamgonga goti la tumbo, anamwachia. Kwenye skrini hakuna damu, hakuna kuyumba, watazamaji hawaoni kitu. Uso wa Ngannou msafi kabisa. Ndio maana jamaa alikuwa anasema kila Jumapili, mikono ikiwa na povu la sabuni, "Yaani sijui nimepigwaje, mbona hajanigusa?"

Amekugusa, kaka. Hujaona tu pa kuangalia.

Kinachochekesha ni kwamba pambano lao la sebuleni liliwahi kutokea kweli, na likaisha vilevile. Januari 20, 2018, pale Boston, Ngannou alipanda ulingoni na Miocic kugombea mkanda. Alikuwa ameshinda mapambano yake yote sita ya UFC na hakuna hata moja lililofika raundi ya tatu. Mwezi uliotangulia alikuwa amemlaza Alistair Overeem kwa ngumi moja iliyozunguka dunia nzima kwenye simu za watu. Basi alipoanza na Miocic, alianza kumalizia. Kila ngumi ilikuwa ya kuvunja mlango. Miocic akameza alizomeza, nyingine akazikwepa, akamshika miguu, akamwangusha, akamlalia. Raundi ya pili ilipofika mbali, Ngannou alikuwa anahema mdomo wazi. Raundi zote tano ziliisha, majaji watatu wote wakaandika 50 kwa 44. Mtu hakupigwa KO, alipigwa na mapafu yake mwenyewe.

Mzee wake mwanadada ana stori ya zamani zaidi, na huwa anaisimulia kila akiona watu wanacheza ngumi. Kinshasa, Oktoba 30, 1974, saa kumi alfajiri, uwanja umejaa na watu wanaimba kwa Kilingala Ali amuue mtu. George Foreman ana miaka 25, ana nguvu za kutisha, Muhammad Ali ana 32 na dunia inaogopa ataumizwa. Ali akajiegemeza kwenye kamba, akafunika uso, akamwacha Foreman apige. Apige mikono, apige mbavu, apige hewa. Alikuwa anamsemesha kabisa wakati anapigwa. Raundi ya nane Foreman hana kitu, Ali akatoka kwenye kamba, akamwangusha. Mzee akifika hapo huwa ananyamaza kidogo, kisha anamwambia binti yake, "Mwanangu, mwenye kelele mwache amalize kelele zake."

Binti alilishika hilo neno kupita kiasi. Na hapo ndipo stori inapotoka kwenye gemu.

Mwezi wa pili mwanadada alipata kazi Mbeya, hospitali moja kubwa, mkataba wa mwaka mmoja, mshahara unakaribia mara mbili ya anaolipwa Dar. Kodi ya nyumba ilikuwa inaisha mwezi wa nne na mama mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa hesabu za kawaida ilikuwa habari njema. Alimwambia jamaa wakiwa wanakula, kwa sauti ya mtu anayetarajia kukumbatiwa.

Jamaa akaingia kama anavyoingia na Ngannou.

"Mbeya? Mbeya kuna nini? Nani huko anakuita?" Hiyo ndio ilikuwa ya kwanza. Zikafuata nyingine bila pumziko. Kwamba wanawake wakipata hela wanabadilika. Kwamba ukoo wao wote una tamaa. Kwamba bila yeye mpaka leo angekuwa analala sebuleni kwa dada yake Mbagala. Kwamba aende, kwani nani kamshika? Mwanadada hakujibu. Alitoa sahani, akafuta meza, akaenda kulala ukutani.

Asubuhi jamaa aliamka fresh kabisa. Alinunua chapati na maharage, akachemsha chai, akamwita "mama" kwa sauti ya kubembeleza. Jamaa ni wa hivyo, hasira zake fupi. Mwenyewe huwa anajisifia kwa washkaji: "Mimi sina kinyongo, nikishasema yameisha." Na ni kweli kwake yanaisha. Mstari wake unapanda asubuhi. Ila siku tatu baadaye mjadala wa Mbeya ukarudi, na maneno yakarudi, na safari hii akaongeza la mama yake mwanadada. Asubuhi chapati tena. Wiki iliyofuata tena. Na kila mara mwanadada anafunika uso, anakaa kwenye kamba, anamwacha amalize kelele.

Jamaa aliona ule ukimya ni ushindi. Alimwambia mshkaji wake mmoja kijiweni, "Nimemwelewesha, ameacha hizo habari za Mbeya." Mshkaji akauliza, "Amesema ameacha?" Jamaa akasema, "Hajasema kitu." Mshkaji akamwangalia tu.

Sasa ikafika Jumamosi moja mwezi wa tatu. Jamaa kawasha runinga, kaweka pedi mbili mezani, kamchagua Ngannou wake, anasubiri. Mwanadada amekaa kitandani chumbani, nguo za kazini bado mwilini, mkoba begani kama mtu aliyeingia sasa hivi au anayetaka kutoka.

"Njoo upigwe!"

"Leo hapana."

"Unaogopa?"

"Sina pumzi."

Jamaa akacheka. Alidhani ni utani wa gemu, maana hilo neno ni lao, wamelitumia miaka miwili kuchekana. Akaingia chumbani akiwa bado anacheka, akamkuta mwanadada hachekì, halii, hana hasira. Uso msafi kabisa. Akamwambia polepole, "Sio leo tu. Kuna vitu ulisema mwezi wa pili mpaka leo sijavimaliza, wewe umeshavisahau. Nikilala naamka nimechoka vilevile. Sina pumzi ya kugombana na wewe na sina ya kupatana na wewe."

Pale jamaa ndipo alipoelewa alichokuwa anapigwa nacho kila Jumamosi kwa miaka miwili. Alikuwa anaangalia uso, na usoni hakukuwa na kitu. Hakuna sahani iliyovunjwa, hakuna kofi, hakuna mtu aliyerudi kwao na sanduku. Kwa hesabu zake hakuna aliyeumia. Ngumi zote alikuwa amezipiga tumboni, na tumbo halivimbi likaonekana na majirani.

Ila usidhani kuelewa ndio kulimaliza. Alichofanya jamaa baada ya hapo kilikuwa kibaya kwa namna nyingine. Alinyamaza. Wiki nzima, "ndiyo", "hapana", "nimekula kazini". Aliogopa kuongea asije akaharibu tena. Kwake ilikuwa heshima, kwa mwanadada ilikuwa ni kama anakaa na mpangaji.

Hata Ngannou wa ukweli alipitia hapo hapo. Baada ya kipigo cha Boston, Julai mwaka ule ule wa 2018 alipigana na Derrick Lewis, mtu mwingine wa ngumi nzito. Watu walilipia wakitegemea nyumba itaungua. Wakaona wanaume wawili wanaangaliana raundi tatu. Ngannou alirusha ngumi chache mno, watazamaji wakazomea, akashindwa kwa pointi. Baadaye alikiri kwamba hofu ya pambano lililopita alikuwa ameingia nayo kwenye lile. Pumzi alikuwa nayo, tena tele, na ilimaliza pambano ikiwa haijatumika. Kwenye gemu ni vilevile. Mchezaji aliyeumizwa na kukata pumzi huwa anakuja siku ya pili anakimbia tu ulingoni, mstari umejaa mpaka juu, na majaji wanampa mwenzake raundi zote. Stamina haina alama. Hakuna jaji anayekupa pointi kwa kubakiza.

Jamaa aliyajua hayo usiku mmoja akiwa peke yake sebuleni, amelala kwenye kochi, anatazama kwenye simu mapambano ya Ngannou kwa mpangilio. La Boston. La Lewis. Kisha lile la marudiano na Miocic, Machi 27, 2021, Las Vegas. Ukilitazama baada ya lile la kwanza ni kama mtu mwingine. Anatembea. Anarusha ngumi nyepesi ya mkono wa mbele, anapiga teke la mguu, anasubiri. Miocic anajaribu kumshika miguu kama zamani, safari hii anazuiwa na kugeuzwa. Ngannou anapata nafasi ya kumalizia raundi ya kwanza na hakimbilii. Raundi ya pili, sekunde ya 52, kwisha habari. Mkanda wake. Ngumi ni zile zile za 2018. Kilichoongezeka ni kujua ipi ya kurusha na ipi ya kuacha.

Akaendelea mpaka la Januari 2022 na Ciryl Gane, ambalo wengi hulisahau kwa sababu halina KO. Ngannou aliingia na goti bovu, Gane anacheza kwa miguu, anamdokoa, anaondoka. Ngannou wa zamani angemkimbiza mpaka adondoke mwenyewe. Huyu akabadili kabisa, akamshika, akamwangusha, akamlalia, mtu wa KO akashinda kwa mieleka na pointi baada ya raundi tano. Mtu aliyepoteza pambano kwa kukosa pumzi raundi ya pili, miaka minne baadaye anashinda raundi ya tano na mguu mmoja.

Jamaa akawasha PS. Akaanza kucheza na kompyuta, peke yake, sauti imezimwa ili mwenzake asiamke. Akajiwekea sheria za mtu anayejifunza upya. Ngumi tatu, toka. Hakuna ya nne hata kama mtu anayumba, mpaka mstari urudi juu ya nusu. Kama mwenzako hayupo mbele yako, usirushe, ngumi ya hewani ndiyo ghali kuliko zote. Ukilazwa chini usihangaike kuinuka kila sekunde, maana kila jaribio likizuiwa linakula pumzi na ndivyo watu wanavyopigwa kabali. Tulia, msome anakotaka kwenda, mzuie hapo, pumzi itoke kwake, wewe inuka mara moja. Na jicho lisikae usoni kwa mpiganaji, likae kwenye mistari miwili, wako na wake. Aligundua jambo linalochekesha: akiwa anaangalia mistari, raundi ya kwanza inaonekana ndefu. Miaka miwili alikuwa hajui dakika tano zina nafasi kubwa hivyo.

Jumapili ile alimwamsha mwanadada mapema. Hakuwa na chapati. Alisema, "Nina vitu vitatu, nikimaliza nanyamaza, wewe ndio uongee." Akasema la kwanza, kwamba la mama yake lilikuwa tusi na atampigia simu mama mwenyewe. Akasema la pili, kwamba Mbeya hakuogopa wanaume wa Mbeya, aliogopa mshahara, aliogopa kuwa mwanaume anayelipiwa kodi. Akasema la tatu, "Ripoti kazini wanataka lini?"

Akanyamaza kweli. Mwanadada aliongea karibu saa nzima, mengine makali, mengine ya mwaka juzi, na mara mbili jamaa alifungua mdomo kurusha ya kujibu na mara mbili akaufunga. Jasho lilimtoka kuliko siku yoyote ya gemu. Mwanadada alipomaliza hakusema amesamehe. Alisema, "Tarehe mosi mwezi wa nne." Halafu akasema ana njaa.

Wale wanaopenda stori iishe na pete, hii haina. Mwanadada alipanda basi la Mbeya siku mbili kabla ya tarehe. Kodi walilipa nusu kwa nusu, ya miezi sita, na jamaa aliomba mwenyewe iwe hivyo. Simu kwa mama alipiga, ikachukua dakika nne, na mama hakumrahisishia. Mahari bado. Wapo wanaosema mtaani kwamba umbali utawamaliza, na wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu kimo cha mstari kikishashuka kinarudi kidogo kidogo, na mwaka mmoja ni raundi ndefu. Mwanadada mwenyewe alimwambia rafiki yake kabla ya kuondoka, "Nampenda, ila bado nimechoka. Nione nikipumzika nitabaki na kiasi gani."

PS ipo Mwananyamala. Jamaa sasa anawapiga washkaji wote wa mtaa, na wanalalamika kwamba siku hizi anaboa, hapigi kelele, hasimami mbele ya runinga, anasubiri tu. Vyombo anaosha mwenyewe, maana hayupo wa kumshinda.

Wanaongea kila usiku saa tatu. Wiki iliyopita mwanadada alimpa taarifa ambayo zamani ingewasha moto: kazini wameuliza kama atapenda kuongeza mkataba ukiisha huu. Upande wa Dar ukawa kimya. Zikapita sekunde kama kumi, mtandao ukiwa unafanya kazi vizuri kabisa.

"Upo?" mwanadada akauliza.

"Nipo. Navuta pumzi. Nieleze, wamesema wataongeza muda gani?"